Mama mkwe kaleta gunia la ndevu za mahindi, ati ni dawa ya figo. Tunywe au tutupe?

Mke_wa_Boda (Nakuru), Jumatatu saa 3 usiku

Hamjambo wadau. Nisaidieni kabla nyumba haijaingia vita.

Mzee wangu ana miaka 47, ni wa boda hapa Kaptembwo. Mwezi uliopita alishikwa na maumivu ubavuni usiku, yale ya mtu kujikunja sakafuni huku jasho linamtoka. Hospitali wakampiga ultrasaundi, wakasema kuna jiwe la milimita 4 kwenye mrija unaoshuka kutoka figo ya kushoto. Akapewa dawa za maumivu, akaambiwa anywe maji mengi na arudi baada ya wiki nne.

Habari ilifika kwao Butere kabla sisi hatujafika nyumbani. Jumamosi mama mkwe akashuka stejini na gunia. Nikajua ni mahindi, nikafurahi, nikamtuma kijana akalibebe. Kijana akalileta kwa mkono mmoja anapiga mluzi. Kulifungua ni ndevu za mahindi tupu, kahawia, zimejisokota kama zile nywele wanazofagia saluni jioni.

Tangu siku hiyo anazichemsha kwenye ile sufuria kubwa ya Krismasi. Anaanza alfajiri, anaacha maji yapungue mpaka nusu, yanatoka rangi ya chai kavu. Mzee anakunywa karibu lita tatu kwa siku. Anasema anasikia nafuu, na kweli anakojoa kama bomba lililopasuka. Mama anasema kwao wametumia miaka yote na hakuna aliyekufa. Kuna mtu anajua hii dawa kweli, ama ni ile ya kila jani ni tiba?

Nyakwar_Kano (Ahero), Jumatatu saa 3 usiku

Dada, punje tunakula, gunzi tunawashia moto, mabua anakula ng'ombe, sasa ndevu anakunywa mzee wako. Hindi limeisha lote.

Pole lakini. Mimi nauliza tu: kukojoa sana ndiyo jiwe kutoka? Hata bia inakojoza.

Kuka_Lurambi (Kakamega), Jumatatu saa 4 usiku

Mwanangu, usimdharau huyo mama. Kukhu wangu, yaani bibi yangu aliyenilea, alikuwa akifunga ndevu za mahindi vishungi vishungi na kuzitundika juu ya mafiga jikoni. Mtu akija anasema mkojo unachoma, anachukua kishungi kimoja, anakitia kwenye chungu, anakifunika kwa jani la ndizi. Hachemshi mpaka mchana kama huyo mama yako. Maji yakishachemka anaepua, anaacha yatulie, mgonjwa anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Siku tatu. Kama hujapona siku ya nne alikuwa anakwambia nenda kwa wamisheni, maana yake nenda hospitali ya misheni. Hilo la siku ya nne watu wamelisahau, ndevu ndizo wamezikumbuka.

Nyakwar_Kano, Jumatatu saa 4 usiku

Shikamoo Kuka. Swali bila ubishi. Mahindi si ya kwetu. Yalitoka Meksiko, Wareno wakayafikisha pwani ya Afrika karne ya 16. Huku kwetu watu walikuwa wa mtama na wimbi. Reli ilifika Kisumu 1901, na mahindi yakaanza kuenea kweli kweli baada ya hapo. Sasa hii "dawa ya mababu" ni ya babu yupi?

Kuka_Lurambi, Jumatatu saa 5 usiku

Marahaba. Umenena, na sikatai. Babu wa babu yangu hakuijua. Lakini wewe unadhani dawa lazima iwe na miaka elfu? Kukhu alizaliwa mahindi yapo shambani, akaona, akajaribu, akaambiwa na wengine. Hao watu wa Amerika waliokuwa na mahindi kwanza nao walizitumia ndevu kwa mkojo. Wachina nao wanazinywa, Waturuki nao. Ukiona watu wasiojuana wote wamezipeleka ndevu hizo hizo kwa shida ya mkojo, hapo usiharakishe kucheka.

Ila niseme ukweli, Kukhu pia aliwapa watoto wanaokojoa kitandani.

Nyakwar_Kano, Jumatatu saa 5 usiku

Kuka! Mtoto anakojoa kitandani halafu unampa dawa ya kukojoza?

Kuka_Lurambi, Jumatatu saa 5 usiku

Nilikuwa mmoja wao. Haikusaidia. Nililala juu ya ngozi mpaka darasa la tatu.

Ekari_Mbili (Kitale), Jumanne saa 12 asubuhi

Nimeamka kukamua nikaona uzi huu, nikacheka peke yangu zizini. Mambo ya figo sijui, lakini ndevu za mahindi nazijua kuliko ndevu zangu.

Kila uzi mmoja wa ndevu umeshikana na punje moja. Mbelewele kule juu inamwaga chavua, chavua inatua kwenye uzi, inashuka ndani yake mpaka kwenye punje, ndipo punje inatunga. Uzi usiopata chavua, punje yake haipo. Ndiyo maana unamenya hindi unakuta mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka sita. Ukitaka kujua kama shamba limeshika, chuma hindi changa, chana maganda taratibu usivute ndevu, kisha litikise. Ndevu zilizoanguka zimeshaolewa. Zinazong'ang'ania bado zinangoja bwana.

Nasema haya kwa sababu mwaka juzi kuna kina mama waliingia shambani kwangu wakanyoa ndevu mbichi safu nne nzima, za "dawa". Zilikuwa zimetoka siku mbili tu. Nilivuna magunzi yenye meno matatu matatu. Kama ni lazima mchukue, chukueni zilizoanza kugeuka kahawia, kazi yake imeisha, mkulima hatapoteza kitu.

La pili, na hili ndilo la maana. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini 2017, hakuna shamba huku linapita msimu bila kupigwa dawa. Na yule kiwavi anapenda kuingia hindini kwa kupitia ndevu, kwa hiyo wengine wanaelekeza bomba pale pale kwenye ndevu. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye chupa. Mtu akila punje, punje ilikuwa imefunikwa na maganda. Ndevu hazikufunikwa na kitu. Muulize mama mkwe shamba hilo lilipigwa dawa gani na lini.

Mke_wa_Boda, Jumanne saa 2 asubuhi

Nimemuuliza Mama kwa adabu zote. Amesema amekusanya kwake na kwa majirani watano. Za kwake hazikupigwa dawa. Za majirani hajui.

Halafu nimeenda kuangalia lile gunia vizuri. Ni gunia la mbolea ya DAP. Nimeligeuza, chini kumebaki chengachenga za kijivu.

Ekari_Mbili, Jumanne saa 2 asubuhi

Tupa. Usijadili, usiwape mbuzi wala kuku, tupa.

Sista_Zamu_Usiku (Kisumu), Jumanne saa 3 asubuhi

Nimetoka zamu sasa hivi, macho mazito, lakini uzi huu siwezi kuupita. Mimi ni muuguzi, nimekaa sana na wagonjwa wa mkojo.

Dada, kabla ya yote: mzee anatumia dawa gani zingine? Soma kwenye paketi uniandikie kama ilivyo. Na je, ana homa? Anatapika? Mkojo unatoka au umekatika? Kama kuna homa ya kutetemeka pamoja na jiwe, usisubiri jibu langu, mpeleke sasa. Jiwe likiziba na nyuma yake kuna usaha, hiyo ni dharura, figo inaweza kuharibika kwa muda mfupi sana.

Mke_wa_Boda, Jumanne saa 3 asubuhi

Homa hana, hatapiki. Mkojo unatoka mpaka majirani wa choo wamelalamika.

Dawa: ana presha tangu miaka mitatu iliyopita. Paketi moja imeandikwa enalaprili, nyingine ni HCTZ, hiyo ya asubuhi.

Sista_Zamu_Usiku, Jumanne saa 4 asubuhi

Hapo sasa tumefika.

HCTZ yenyewe ni dawa ya kukojoza, ndivyo inavyoshusha presha, kwa kutoa maji na chumvi mwilini. Ndevu za mahindi nazo zinasifiwa kwa kukojoza na zimehusishwa na kushusha presha. Enalaprili inashusha presha kwa njia yake, na ina tabia ya kuzuia potasiamu isitoke mwilini. Ndevu zina potasiamu. Lita tatu za ndevu zilizochemshwa mpaka nusu si kikombe kimoja cha Kukhu wa mzee wetu wa Lurambi. Huyo bwana anavutwa na kamba tatu kwa mkupuo. Akisimama haraka akaona giza, msishangae. Na yuko juu ya pikipiki.

Mnauliza kama zinafanya kazi. Nitasema ninachokijua. Ndani yake mna flavonoidi, yaani kemikali za mimea, moja inaitwa meisini, kutokana na jina la kisayansi la mahindi, na hiyo mmea wenyewe unaitumia kujikinga na wadudu. Panya wa maabara wakipewa maji ya ndevu hukojoa zaidi, na sukari yao hushuka. Majaribio kwa watu ni machache, ni madogo, na majibu yake hayapatani. Hakuna lililonionyesha kwamba ndevu zinayeyusha jiwe. Mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu na oksaleti, magumu haswa, hayayeyuki kwa chai ya kitu chochote. Yanachotaka ni maji ya kuyasukuma. Jiwe la chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, likichukua siku au wiki.

Kwa hiyo sisemi Mama ni mjinga. Amemfanya mwanawe anywe lita tatu. Sisi wa hospitali tunasema kila siku "kunywa maji mengi" na wanaume wa boda hawanywi, wanaogopa kutafuta choo barabarani. Yeye amefaulu tulipofeli.

Ila awe anapeleka maji, si ndevu. Na tafuteni chujio la chai, akojoe kupitia hapo kila mara. Jiwe likitoka mlihifadhi, linapimwa kujua ni la aina gani.

Choma_Kondele (Kisumu), Jumanne saa 7 mchana

Mimi nachoma mahindi hapa Kondele mwaka wa nane huu. Saa kumi na moja alfajiri niko Kibuye nachagua. Unajua nachagua kwa nini? Kwa ndevu. Ndevu ikiwa nyeusi ncha na bado ina unyevu pale inapoingia kwenye maganda, hilo hindi ni laini, lina maziwa. Ndevu ikiwa imekauka mpaka ndani inavunjika vidoleni, hilo ni la githeri, usiniletee. Mteja anabonyeza punje kwa ukucha, mimi nilishajua kutoka sokoni.

Sasa siku hizi kuna kina mama wanakuja na vikapu kuniomba ndevu. Nilikuwa nawapa bure, zamani nilikuwa namwachia mbuzi wa jirani. Mwezi uliopita mmoja akaniambia anauza kishungi shilingi hamsini. Hamsini! Hindi zima nauza thelathini. Nikajua mimi ndiye mbuzi.

Tiba_Asili_Halisi, Jumanne saa 8 mchana

Ndugu na dada, msihangaike na ndevu za mashambani. Tunao unga halisi wa ndevu za mahindi, umechanganywa na mizizi 12, unatibu figo, sukari, presha, vidonda vya tumbo, mgongo, kukosa usingizi na nguvu za kiume. Chupa shilingi 1,500, mbili 2,500. Tunatuma hadi kwa boda. Piga [namba imeondolewa]

Nyakwar_Kano, Jumanne saa 8 mchana

Na mtihani wa KCSE unatibu?

Msimamizi, Jumanne saa 9 mchana

Namba nimeondoa. Matangazo ya dawa hayaruhusiwi kwenye jukwaa hili. Ukirudia unafungiwa.

Sista_Zamu_Usiku, Jumanne saa 10 jioni

Unga "uliochanganywa na mizizi 12" unaotibu mpaka nguvu za kiume ndio unaoniogopesha kuliko ndevu zenyewe. Ndevu angalau ukiziona unazijua. Dawa ya asili inayouzwa kwenye chupa inatakiwa isajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu. Muulizeni namba ya usajili, mtaona atakavyonyamaza.

Binti_Molo (Molo), Jumanne saa 12 jioni

Naomba kuuliza kando. Mimi nina mimba ya miezi mitano. Mkojo unanichoma na naenda chooni kila mara. Jirani kanipa ndevu mbichi za shambani kwake, hazijapigwa dawa kabisa, mimi mwenyewe nimeona. Naweza kunywa?

Sista_Zamu_Usiku, Jumanne saa 12 jioni

Mdogo wangu, hapana. Kwa mama mjamzito ndevu nyingi hazishauriwi, zimeshukiwa kuchochea mji wa mimba. Lakini hata zisingekuwa na shida hiyo ningekukatalia. Mkojo kuchoma wakati wa mimba ni maambukizi mpaka vipimo viseme vingine, na yakipanda kwenye figo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Kesho asubuhi nenda kliniki yako ya wajawazito, waambie wapime mkojo, na wakiweza wauoteshe maabara kujua ni vijidudu gani. Kuna viuavijasumu vilivyo salama kwa mimba. Usinunue vidonge viwili viwili dukani. Na usingoje siku ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi.

Binti_Molo, Jumanne saa 1 usiku

Asante sista. Kadi yangu imeandikwa tarehe 28. Nitaenda kesho.

Nyakwar_Kano, Jumanne saa 2 usiku

Sista, hapa kwetu Kano mtu akikojoa damu tunasema ni kichocho. Ndevu zinasaidia kichocho?

Sista_Zamu_Usiku, Jumanne saa 2 usiku

Hazisaidii. Kichocho kina dawa yake, ni vidonge, unapimiwa kwa uzito wako. Na watu wengi hawajui: kichocho cha ziwa letu kwa sehemu kubwa ni kile cha matumbo, si cha mkojo kama cha pwani. Kwa hiyo ukiona damu kwenye mkojo usijipe jibu, inaweza kuwa jiwe, inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa kitu kibaya zaidi. Pima.

Mke_wa_Boda, Jumatano saa 5 asubuhi

Nimerudi. Sista, ulisema akisimama ataona giza. Jana jioni, hata sijamaliza kumwambia Mama habari ya gunia, kijana wa stejini akaja mbio. Mzee alikuwa amesimamisha pikipiki, abiria anashuka, yeye akainuka kuchukua pesa, miguu ikamwisha. Akashika mlingoti wa stima. Abiria, Mungu ambariki, ndiye aliyeishika pikipiki isimwangukie. Mzee anasema aliona barabara yote imegeuka nyeusi kama mtu amevuta pazia.

Tukaenda kwenye zahanati. Presha ilikuwa 94 kwa 60. Siku zote ni 140 na kitu. Daktari akauliza anatumia nini, nikataja dawa mbili, nikataka kunyamaza, kisha nikasema na ndevu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliuliza kiasi gani, nikasema lita tatu, akaweka kalamu chini.

Wamemsimamishia HCTZ kwa sasa, ndevu asiguse, wamempima damu: figo zinafanya kazi, potasiamu iko sawa. Arudi baada ya siku tano kupimwa presha tena.

Mama amelia. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akalia, akasema "nimetaka kumuua mtoto wangu." Nikamwambia Mama, huyu alikuwa hajawahi kunywa lita moja ya maji kwa siku tangu nimuoe, wewe ndiye umemnywesha. Sijui kama alinisikia. Gunia nimelitupa usiku akiwa amelala.

Kuka_Lurambi, Jumatano saa 7 mchana

Mwambie mama huyo asilie. Kukhu wangu hakukutana na mtu mwenye vidonge vya presha. Mgonjwa wake alikuwa na kitu kimoja tumboni, hizo ndevu. Sisi wazee wa leo tuna mfuko mzima wa vidonge, mimi nina aina nne, halafu tunaongeza na majani juu yake. Hiyo hesabu hakutufundisha mtu. Mimi mwenyewe kuanzia leo nitamwambia daktari kila kitu ninachochemsha. Nilikuwa namficha, nikiona aibu.

Ekari_Mbili, Jumatano saa 2 usiku

Niongeze moja nililosahau, kwa wale watakaoendelea kutumia ndevu, maana najua mtaendelea. Ukungu unaoleta sumukuvu huingia hindini kwa kupitia ndevu hizo hizo. Mnakumbuka 2004 kule mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Ile sumu haifi kwa kuchemshwa. Ndevu zilizokaa kwenye gunia na unyevu, zikinusa kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, hata zisipigwe dawa ya wadudu, hizo si za kunywa. Kausheni kivulini kwenye hewa, siku mbili tatu, zivunjike mkononi.

Sista_Zamu_Usiku, Jumatano saa 3 usiku

Na kwa watu wa Nakuru: mnachemsha na maji gani? Kama ni ya kisima kirefu, huko kwenu maji mengi yana floridi nyingi, ndiyo hayo meno ya kahawia mnayoyaona kwa waliozaliwa hapo. Kuchemsha hakuondoi floridi. Ukichemsha mpaka maji yabaki nusu, floridi inabaki ile ile kwenye maji nusu, maana yake umeizidisha maradufu. Kunywa lita tatu za hayo kila siku si mchezo. Mvua ikinyesha kingeni.

Mzee pia apunguze chumvi. Terere na spinachi zina oksaleti nyingi, asizile kila siku. Sukuma wiki haina shida, ale. Chai ya maziwa ni afadhali kuliko ya rangi.

Mke_wa_Boda, Jumatano saa 3 usiku

Sukuma wiki haina shida! Sista umeokoa bajeti yangu.

Maji tunanunua ya mkokoteni, sijui yanatoka wapi. Nitauliza.

Binti_Molo, Alhamisi saa 8 mchana

Nimepimwa. Ni maambukizi. Nimepewa dawa ya siku saba, na mkojo wameupeleka kuoteshwa. Sista, ubarikiwe. Ndevu nimempa kuku.

Mke_wa_Boda, Jumapili saa 11 alfajiri

Wadau, siwezi kulala, nawaandikia nikiwa jikoni.

Saa nane usiku mzee ameniamsha ananipiga bega. Maumivu yamerudi, yale ya kwanza kabisa, ila safari hii yameshuka chini kinenani. Nikatafuta pesa ya teksi. Akasema ngoja niende choo kwanza. Nikampa chujio. Nikasikia kutoka nje, "Mama Brayo!" Nikakimbia nikidhani ameanguka. Amesimama na tochi ya simu mdomoni, chujio mkononi, na katikati ya chujio kuna kitu kama punje ya mtama. Kahawia, kina mikwaruzo mikwaruzo. Nilikigusa kwa kijiko, kikalia ting.

Maumivu yakakata pale pale kama mtu amezima swichi. Sasa hivi amelala anakoroma.

Nyakwar_Kano, Jumapili saa 1 asubuhi

Hongera kwa mtoto mchanga. Ana uzito gani?

Maji yameshinda.

Kuka_Lurambi, Jumapili saa 2 asubuhi

Maji ya nini? Alikunywa ndevu siku nne. Zilishalegeza.

Nyakwar_Kano, Jumapili saa 2 asubuhi

Kuka, siku nne za ndevu dhidi ya wiki tano za kusubiri na siku nyingine za maji matupu!

Sista_Zamu_Usiku, Jumapili saa 4 asubuhi

Hongereni jamani. Nimefurahi. Nyinyi wawili acheni, milimita 4 ingeweza kutoka hata bila kitu. Siwezi kusema ni ndevu, na nyinyi hamwezi kusema si ndevu. Ninachojua ni kilichomwangusha stejini.

Dada, arudi hospitali hata kama hana maumivu, wahakikishe hakuna lingine nyuma. Na hilo jiwe, liweke kwenye chupa safi iliyokauka, uende nalo. Wakijua ni la aina gani watamwambia ale nini asilipate tena. Aliyewahi kupata moja, kupata la pili ni rahisi.

Mke_wa_Boda, Jumapili saa 1 usiku

Kuhusu jiwe kuna shida kidogo.

Asubuhi niliporudi kulala, nililiacha jikoni kwenye kisosi. Mama aliamka, akaambiwa, akapiga vigelegele mpaka mwenye nyumba akatoka. Nilipoamka kisosi kilikuwa kimeoshwa. Alikuwa ameshapanda gari la Butere la saa tatu. Nimempigia, akasema jiwe analo, ameliweka kwenye kiberiti, amelifunga na pamba, anataka akawaonyeshe kina mama wa kanisa wale waliomchangia ndevu.

Nimemwambia daktari analitaka. Amesema daktari angoje, bado hajafika kwa Mama Respa.

Ekari_Mbili, Jumapili saa 2 usiku

Sasa huko Butere hakuna hindi litakalobaki na ndevu msimu ujao.

Mke_wa_Boda, Jumatatu saa 4 asubuhi

Nimepiga tena. Jiwe limeshazunguka nyumba sita. Mama amekubali kulituma na kondakta Ijumaa, kwa sharti nisilipeleke hospitali kabla halijapigwa picha na simu nzuri. Na anasema nimtumie chujio lake la chai, hajui limetumiwa kwa kazi gani, ameliacha limening'inia msumarini.

Limekwenda kwenye takataka, Mama. Nimeshanunua jipya.